Hootchy-kootchy si "dansi ya tumbo": ni neno la mpiga debe

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu ni kufasiri, zaidi manukuu ya filamu za zamani na hadithi za kusikiliza. Wiki iliyopita neno moja limenikwamisha siku mbili nzima, na nimeona nilete hapa kwa sababu wafasiri wengi wa Kiswahili tunalipita mbio. Neno lenyewe ni hootchy-kootchy. Mzee mmoja wa Kimarekani anasimulia ujana wake, anasema kwenye maonesho ya wilayani kwao aliwahi kulipa senti 25 akaingia bandani kuangalia hootchy-kootchy. Ni sentensi moja tu, halafu anaendelea na habari za ng'ombe.

Ukitafuta haraka utaambiwa ni "dansi ya tumbo". Rasimu niliyokabidhiwa ilisema "alikwenda kuangalia wanawake wakicheza uchi". Zote mbili zimenikera, kila moja kwa sababu yake.

Habari hii inaanzia Chicago mwaka 1893. Mwaka ule jiji liliandaa maonesho ya dunia ya kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike Amerika. Yalifunguliwa Mei yakafungwa mwishoni mwa Oktoba, na walioingia walipita milioni 27. Eneo kuu lilijengwa majumba makubwa meupe, ya sanaa na mitambo na kilimo. Pembeni kulikuwa na ukanda mrefu wa karibu kilomita moja na nusu ulioitwa Midway Plaisance. Huko ndiko liliposimamishwa gurudumu la Ferris lenye kimo cha mita 80, na huko ndiko kulikopangwa "vijiji" vya watu wa dunia: Waaljeria, Wadahomey, Wajava, Wasamoa, na Mtaa wa Kairo wenye msikiti, maduka, ngamia na punda wa kukodi. Kwenye karatasi, ukanda ule ulikuwa chini ya idara ya elimu ya makabila, iliyoongozwa na Profesa Putnam wa Harvard. Aliyeuendesha kibiashara ni kijana wa miaka 23, Sol Bloom, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa New York kwa zaidi ya miaka 20.

Bloom alikuwa ameona kijiji cha Waaljeria kwenye maonesho ya Paris ya 1889, akawaleta wale wasanii Chicago. Wafaransa walikuwa tayari wanaiita ngoma yao danse du ventre, ngoma ya tumbo. Katika kumbukumbu zake alizochapisha 1948, Bloom anakiri kwamba umma ulipong'amua tu maana ya maneno yale ya Kifaransa, watu wakahitimisha wenyewe kuwa humo ndani kuna uchafu, na yeye akajikuta ameketi juu ya mgodi wa dhahabu.

Sasa hapa naomba mtulie na mimi kidogo. Wale wanawake walivaa nini? Angalieni picha zilizopigwa pale. Sketi ndefu hadi kwenye vifundo vya miguu. Shati la ndani limefunika tumbo lote. Juu yake kizibao, kiunoni mshipi, shingoni mikufu ya sarafu. Ukimsimamisha leo kwenye harusi yoyote, hakuna atakayemwambia ajistiri. Kilichowashtua Wamarekani ni kwamba ndani ya zile nguo hapakuwa na koseti. Mwanamke wa Kimarekani wa tabaka la kati mwaka 1893 alikuwa amebanwa kuanzia chini ya matiti hadi kwenye nyonga kwa kitambaa kigumu, mbavu za chuma au mfupa wa nyangumi, na kamba zilizokazwa mgongoni. Kiwiliwili chake kilikuwa kama mtungi. Ghafla anamwona mwanamke mwenzake ambaye kiuno kinakwenda huku na mbavu zinakwenda kule. Kashfa ilikuwa hiyo. Kwa hiyo "wakicheza uchi" ni uongo wa wazi, na nimeufuta.

Anthony Comstock, yule mpiganaji maarufu wa maadili kutoka New York, alikwenda hadi Chicago kudai kumbi za ngoma ile zifungwe. Hazikufungwa. Desemba mwaka huohuo baadhi ya wachezaji walipohamia New York, polisi waliwakamata na mahakama ikawatoza faini. Mnajua kesi kama ile inafanya nini kwa biashara. Ndani ya miaka michache kila maonesho ya mji mdogo Marekani yalikuwa na banda lake la "Misri", na anayenengua ndani mara nyingi alikuwa msichana wa palepale Marekani aliyefunga shela.

Banda lilifanya kazi hivi. Mbele kuna jukwaa dogo la mbao. Mpiga debe anasimama juu yake na kofia yake, anapaza sauti. Wanawake wawili watatu wanatolewa nje kwa dakika chache, wamejitanda, mmoja anatikisa bega mara moja tu, wanarudishwa ndani. Mpiga debe anaapa kwamba kilichobaki kiko nyuma ya turubai. Unalipa, unaingia. Mara nyingi ukishaingia unaambiwa kuna pazia jingine na malipo mengine.

Neno hootchy-kootchy liliishi kwenye lile jukwaa la mbao. Wachezaji wa Misri hawakuwahi kuliita jina hilo kwa lugha yao. Wao walisema raqs, na ile ya nyumbani wakaiita baladi, yaani ya kwetu. Hootchy-kootchy ni sauti ya mtu anayeuza tiketi. Nikiandika "dansi ya tumbo" nimemrudishia msomaji kitu cha hotelini Dubai, safi, chenye cheti cha utamaduni, na nimemnyima yule mpiga debe. Nikiandika "wakicheza uchi" nimeyaamini maneno ya mpiga debe yuleyule.

Naombeni mawazo. Tuliseme vipi kwa Kiswahili?

Mdau wa Morogoro

Mleta uzi umeshusha nondo, asante. Swali langu dogo: kwa nini usiliandike tu "huchi-kuchi" kwa herufi zetu ukaendelea na safari? Tumefanya hivyo kwa maneno mengi. Na neno lenyewe limetoka lugha gani, Kiarabu?

Mleta uzi

Mkuu wa Morogoro, hilo lilikuwa wazo langu la kwanza kabisa. Nikaliandika, nikamsomea mke wangu kwa sauti. Akauliza hapohapo, "Uchi wa nani?" Msikilizaji wa Kiswahili akisikia "huchi" anasikia "uchi", hana namna, na tumerudi palepale nilipotoka. Sehemu ya pili ndiyo imeharibika zaidi: kuchi kwetu ni jogoo mkubwa mwenye shingo ndefu, yule wa kupiganisha. Kwa hadithi ya kusikilizwa, ambako hakuna maandishi ya kumsaidia mtu, sioni kama inafaa. Kwa kitabu ningeacha tahajia yake ya asili.

Kuhusu asili, si Kiarabu. Wapo wanaolivuta kwenye Kifaransa, hocher, kutikisa, wakaliunga na queue, mkia. Wapo wanaolipeleka India, Cooch Behar. Mimi sishawishiki na lolote kati ya hayo, kwa sababu sauti hii ilikuwa Marekani kabla ya Chicago. Miaka ya 1860 kulikuwa na wimbo wa waigizaji wa Kizungu waliojipaka masizi usoni kuwaigiza watu weusi, The Ham Fat Man, na kiitikio chake kina hiyohiyo hoochee-koochee. Ni sauti tupu, ya kuchekesha watu kwa kumdhihaki mtu mweusi. Magazeti ya 1893 yalipenda kusema danse du ventre. Mwaka 1895 James Thornton akatoa wimbo kuhusu Mtaa wa Kairo, na humo ngoma inaitwa kutchy-kutchy. Ina maana neno la kumdhihaki mtu mmoja lilikuwa limelala tu, likachukuliwa likavikwa mwanamke wa nchi nyingine kabisa.

Wimbo huo wa 1895, kwa njia, ndio wenye ule mluzi mnaoujua wote, wa nyoka kutoka kwenye kapu katika katuni. Bloom alidai ni yeye aliyeupiga kwa mara ya kwanza kwenye piano, mbele ya waandishi wa habari wa Chicago, akasahau kuuwekea hakimiliki.

Na neno Midway lenyewe likabaki. Hadi leo Mmarekani akisema "midway" kwenye maonesho anamaanisha sehemu ya bembea na michezo.

Mdau wa Mombasa

Assalaam alaykum. Mimi si mfasiri, lakini nimesoma hapo juu nikaona niseme, maana jambo hili nalijua kwa mwili wangu.

Sisi tumelelewa na chakacha. Nilifunzwa na shangazi yangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, uani, magharibi imeshaingia. Alichukua leso akaikunja mara nyingi mpaka ikawa ukanda mwembamba, akanifunga chini ya kiuno, pale kwenye mfupa wa nyonga, si juu. Kisha akanishika mabega kwa mikono miwili. Akanambia, "Zungusha." Kila bega likitikisika ananibana. Somo lote lilikuwa hilo kwa siku nyingi: kiuno kiende, bega lisijue. Ukifika harusini mnajipanga duara, mmoja nyuma ya mwingine, mnakwenda polepole, na anayetazamwa si mwenye uso mzuri bali aliyetulia juu na anayesema chini. Wanaume hawapo. Kama kuna mtoto wa kiume mkubwa hutolewa.

Shangazi aliwahi kuitwa na kikundi kilichokuwa kikicheza katika hoteli moja ya pwani, siitaji. Alikwenda mara mbili. Mara ya pili alimsikia mtangazaji akiwaambia wageni kwa Kiingereza kwamba hii ni dansi ya tumbo ya Kiafrika, ya kumpandisha mume hamu. Aliporudi alifungua leso akaiweka mezani, akasema, "Wamenipa jina ambalo mamangu hakunipa." Hakurudi tena, na pesa ilikuwa nzuri.

Basi mimi nakuomba, kaka, usitumie chakacha katika tafsiri yako. Naona wengine watakushauri hivyo kwa sababu mchezo unafanana. Usiwape.

Mleta uzi

Wa alaykum salaam, dada. Nimesoma mara tatu. Nilikuwa nimeshaandika "chakacha ya Kizungu" kwenye rasimu ya pili, na nimeifuta sasa hivi.

Maneno ya shangazi yako yamenipa kile nilichokuwa nakitafuta kwa siku zote hizi: jina linalotoka kwa mtazamaji. Kule Marekani lilifika mbali zaidi, hata mchezaji akapewa jina la jukwaani ambalo halikuwa la mtu yeyote. Wote mmesikia "Little Egypt". Watu wengi wanaamini alikuwa mwanamke mmoja aliyecheza Chicago 1893. Lakini jina lilipata umaarufu Desemba 1896, kwenye karamu ya mabwana matajiri katika mgahawa wa Sherry's, New York, baada ya polisi kuivamia. Mchezaji aliyeitwa pale alikuwa Ashea Wabe. Baada ya hapo kila banda likawa na Little Egypt wake. Miaka mingi baadaye Fahreda Mahzar, ambaye kweli alihusishwa na Chicago, alikuwa bado anapigania kwamba ndiye wa asili, hadi akaishtaki kampuni ya filamu kwa sababu ya filamu ya 1936. Alifariki 1937.

Mdau wa Dodoma

Mimi nina pingamizi, tena kwa heshima. Mleta uzi unalifanya neno hili kuwa la wauzaji tu. Kwenye baleski (burlesque), yale maonesho ya jukwaani ya kejeli na dansi ya Marekani, wachezaji wenyewe walilitumia. Walisema "cooch", ikawa jina la kazi, kama fundi anavyosema "plasta". Sasa utasema na hao hawakujua wanachosema?

Mleta uzi

Pingamizi lako ni la haki, mkuu, na umenirekebisha.

Baleski ilianza kama maigizo ya kejeli. Lydia Thompson na kundi lake la wasichana wa Kiingereza walitua New York 1868, wakawa wanaigiza hadithi kubwakubwa kwa dhihaka, wanawake wakicheza nafasi za wanaume na soksi za kubana. Ngoma ya bandani iliingia humo baada ya Chicago, mwanzoni kama kiungo cha kuongeza mwishoni mwa onesho. Kufikia miaka ya 1920 ndiyo iliyokuwa ikijaza viti, na humo ndimo kulikozaliwa kuvua nguo jukwaani. Katika watu wa kazi ile, "cooch" lilipoteza Misri yake yote. Lilibaki kutaja harakati tu. Wakaongeza na maneno yao mengine: "bump", kusukuma nyonga mbele mara moja palepale ngoma inapopigwa, na "grind", kuzungusha taratibu. Haya mawili Kiswahili kinayamudu bila kuazima chochote. Kuzungusha tunayo, kukata tunayo, na mnenguaji ni jina la kazi ambalo bendi zetu zimelitumia miaka na miaka bila kumtukana mtu.

Kwa hiyo nakubali: mchezaji wa baleski wa 1930 akisema "cooch", niandike kunengua. Mzee wa maonesho ya wilaya akisema hootchy-kootchy, hapo bado anaongea kwa mdomo wa mpiga debe. Ni neno lilelile, lakini tafsiri zake ni mbili.

Niongeze kitu kimoja ambacho nakipenda. Mwaka 1896 kampuni ya Edison ilitoa filamu ya mchezaji aliyeitwa Fatima. Haifiki hata dakika moja. Kuna toleo lililopita kwa wadhibiti: wamepaka mistari myeupe kama fito za uzio, safu moja kifuani na safu nyingine kwenye nyonga. Fatima anaonekana kichwa, tumbo na miguu. Amevaa nguo kamili, wakuu. Anacheza nyuma ya ule uzio wa rangi hadi mwisho, na kwa sababu ya uzio, macho yako hayaendi kwingine ila pale ulipofichwa. Ukiitazama mara moja utaelewa kwa nini siwezi kuandika "uchi".

Mdau wa Arusha

Na ule wimbo wa Muddy Waters, yule mwimbaji wa blues? Hoochie Coochie Man. Maana yake "mwanaume mnenguaji"? Siku zote nimejiuliza.

Mleta uzi

Hapana, na ukilitafsiri hivyo utakuwa umeua wimbo. Huo aliutunga Willie Dixon, na Muddy Waters aliurekodi Januari 1954, tena Chicago, mji uleule. Msimulizi amezaliwa na utabiri, ana mfupa wa paka mweusi, ana mzizi, ana dawa. Ni mtu wa hirizi na mvuto, ambaye wanawake hawamkatai na wanaume wanamwogopa. Neno lililoanza kwa kumdhihaki mtu mweusi, watu weusi wenyewe wamelichukua wakalitia nguvu. Mimi ningesema "mwenye dawa" au "mwenye mvuto wake", kutegemea mstari.

Mdau wa Morogoro

Mkuu, nimekutana pia na "ecdysiast" kwenye makala ya zamani. Ni ndugu yake?

Mleta uzi

Ni binamu wa mbali. Mwaka 1937 meya LaGuardia aliwanyima leseni wenye kumbi za baleski New York, na wachezaji wakawa wanatafuta jina lisilo na doa. Georgia Sothern, mmoja wao, akamwandikia mwandishi H. L. Mencken amtungie. Mencken mwaka 1940 akachukua neno la Kigiriki la mnyama kuambua ngozi yake, akatengeneza ecdysiast. Kiswahili kina "kujivua gamba", na maana inakaa vizuri kabisa, ila kwa Mtanzania litamrudisha kwenye siasa za 2011, CCM ilipolifanya kaulimbiu. Gypsy Rose Lee, aliyekuwa nyota wao mkubwa, hakulipenda neno lile. Angalau lilitoka kwa mchezaji aliyeomba jina lake mwenyewe.

Mdau wa Mombasa

Sasa kaka, ile sentensi ya mzee umeiandikaje mwishowe?

Mleta uzi

Dada, nimeituma leo asubuhi. Nimeacha neno lenyewe mara moja, msomaji wa sauti nimemwelekeza alitamke kwa kulivuta kama mtu anayeita abiria, halafu nikalieleza ndani ya sentensi ileile ili msikilizaji asilazimike kusimama:

"Nililipa senti ishirini na tano nikaingia kwenye banda la hootchy-kootchy, ule mnenguo ambao mpiga debe mlangoni aliapa umetoka Misri."

Halafu ng'ombe.